Kibodi Iliyosema

"Mpiga chapa bora Tanga nzima ni mimi," Bi Mwanaidi alimwambia muuza kibodi. "Wenzangu wote wamekwisha kufa."

Mwenyewe hakucheka. Siku hizi kila kibodi ilipima hasira ya vidole na kuipeleka Ofisi ya Utulivu. Nyumba ikivuka kiwango mara tatu, mume na mke wanatenganishwa. Ya kwake ilikuwa imevuka mara mbili. Hasira gani? Alijifunza kupiga chapa kwenye mashine ya chuma, akigonga mpaka nakala ya tatu ya kaboni isomeke, na mkono haukusahau.

"Nipe inayostahimili kipigo, isiniumize viwiko," alisema, akaibwaga ya zamani mezani. "Hii imenisingizia."

"Namwambia kila siku apunguze nguvu," alisema mumewe, Mzee Shekue, aliyesimama kando yake, kwa huruma nyingi. "Mimi hata kuiwasha siwezi."

"Nyamaza wewe. Miaka arobaini tunakula sahani moja, leo nitenganishwe kwa sababu ya herufi?"

Muuzaji aliichomeka ile ya zamani, akasoma kumbukumbu zake.

"Bibi, mkono wako kibodi imeuzoea, haijauandikia hasira hata siku moja. Kiwango kilivukwa Ijumaa mbili, saa nne asubuhi."

Ijumaa saa nne Bi Mwanaidi huwa kliniki ya sukari.

"Kumeandikwa nini?"

"Hakuna neno. Mtu alikuwa anatwanga herufi moja tu, kwa ngumi."

Bi Mwanaidi aligeuka polepole. "Shekue, si ungesema tu umenichoka?"

Mzee Shekue alikuwa ameshauficha mkono wa kulia mfukoni mwa kanzu.