Ubani wa Kifua

Katika soko lote la Marani hakuna kifua kilichowahi kunishinda, isipokuwa cha mume wangu, na hicho tulikizika.

Nauza ubani, utomvu mkavu wa mti. Ukiutafuna, tumbo linatulia na mdomo haunuki. Kwa kifua, unatupa punje kwenye makaa unavuta moshi.

Siku moja ya mvua mteja wangu Tryphosa alikuja kumwongezea mumewe ubani.

"Anaendeleaje?"

"Amebaki mifupa, Mama. Tembe za TB aliziacha, kwa sababu ulituambia wewe ulipona kwa ubani tu." Akaniangalia usoni. "Ulipona hivyo kweli?"

Punje ya ubani ilikuwa imeninata vidoleni. Wanawake wa ndizi walikuwa wamegeuka kusikiliza.

"Kabisa! Hata tembe moja sikumeza."

Mhudumu wa afya wa kijiji chetu akafika na mwavuli wake, akaweka pakiti juu ya gunia langu.

"Mong'ina, jana hukuja kliniki. Umebakisha mwezi mmoja tu wa dawa, usiniangushe."

Tryphosa aliiokota ile pakiti, akaigeuza polepole.

"Ni hizi hizi," akasema. "Hizi ndizo mume wangu alizozitupa chooni."