Rejista ya Mwaka 1945

Karani wa mji wa Mutsamudu alikuwa ameficha kitu ndani ya kanzu, na kipaji cha kuficha hakujaliwa. Tumbo lake lilikuwa la pembe nne.

Chamsia aliliona, akaliandika kwenye daftari lake la upelelezi. Alikuwa na miaka kumi na saba, katibu wa kamati ya vijana, na tangu mapinduzi yawatoe wazee maofisini alimshuku kila mwenye mvi. Karani Sounhadj alikuwa nazo ndevuni, tena na miwani juu yake.

Amri ilikuwa fupi: rejista zote za zamani zichomwe uwanjani baada ya sala ya alasiri. Karani alizileta zote isipokuwa moja, ya vizazi vya mwaka 1945.

"Imeliwa na mchwa," alisema.

"Mchwa gani hao wanaochagua mwaka?" aliuliza Attoumane Charif, mwenyekiti wa kamati. Alikuwa ametumwa kutoka Moroni miezi mitatu nyuma, kijana wa miaka ishirini na mbili, mwenye kaptura ya shule na mashavu aliyoyanyoa asubuhi na tena adhuhuri. Mutsamudu, alisema, hakuwahi kufika kabla ya hapo. Ila katika vichochoro vyake hakupotea hata siku moja. Chamsia aliona huo ndio ukakamavu wa kimapinduzi.

"Ukishindwa kuileta, mzee, kesho unavunja mawe barabarani pamoja na wafungwa."

"Na watu wa mwaka ule, Mwenyekiti? Watathibitishaje kwamba walizaliwa?"

"Hao wameshachakaa. Kamatini haingii aliyepita ishirini na tano."

Kamatini hata kwezi ilipigwa marufuku, ile salamu ambayo mdogo humpa mkubwa wake. Hapa hakuna mkubwa, alisema Attoumane. Akainuka, mkono kiunoni, akaenda kusimamia moto.

Chamsia alimfuata karani. Kwa nini mwaka huo mmoja? Bila shaka kulikuwa na jambo la aibu ndani yake, na bila shaka lilikuwa la karani mwenyewe.

Alimkuta kwenye kichochoro chembamba nyuma ya msikiti. Lile tumbo la pembe nne lilikuwa limemkwamisha baina ya kuta mbili.

"Toa, mzee."

Sounhadj aliitoa. Kanzu yake ikapwaya.

"Isome kwanza, mwanangu. Ukishaisoma, ichome ukitaka. Nimeitunza miaka tisa. Sitaki ife bila kusomwa."

Ukurasa mmoja ulikuwa umewekewa kijiti cha kiberiti. Chamsia alipitisha kidole. Mstari wa kumi na moja: Sounhadj. Kwa hiyo mzee huyu alikuwa na miaka thelathini na miwili tu. Chamsia alitabasamu, akatoa kalamu kumwandika.

Kidole kikapanda mstari mmoja, hadi jina la Charif. Kalamu ikasimama.

"Ameileta?" Attoumane aliita kutoka juu ya ngazi za kichochoro, akihema. "Chamsia, lete hapa. Moto unazimika."

Chamsia aliifunga rejista, akaiingiza ndani ya nguo yake ya shiromani na kujitanda vizuri. Kisha akainamisha kichwa, kama mama yake alivyomfundisha.

"Kwezi, Mwenyekiti," alisema.