Muziki wa Matangazo ya Vifo

Chande alitunga muziki wa kusindikiza vipindi vya televisheni: wa mapishi, wa hali ya hewa, wa matangazo ya vifo. Adhuhuri moja Mhina wa kituoni alimpigia simu.

"Kaka, ule wa vifo urefushe, ufike dakika kumi."

"Kumi! Mji mzima umekufa?"

Mhina hakucheka. "Ni wa watakaokufa kesho. Majina tumeshaletewa."

"Kesho mke wangu anasafiri. Naye yumo?"

"Wewe tunga tu, kaka."

Mkewe alikuwa chumba cha pili, akipanga nguo za safari. Chande alipiga kinanda mpaka pale muziki wa zamani ulipoishia, kisha akaondoa vidole. Hakutaka kuongeza hata sauti moja.

Kule chumbani mkewe akauendeleza kuanzia hapo, akiuvumisha taratibu, midomo imefumbwa, huku akikunja kanga.