Ukuta wa Ghala la Wachoraji

Kila kundi la wachoraji lililopanga ghala lile lilichora juu ya picha za waliotangulia, bila kuzikwangua. Ndiyo ilikuwa desturi yao. Sasa ghala lilikuwa libomolewe kesho yake, na wakongwe wa pale walikuja kuubandua ukuta tabaka kwa tabaka, wakipiga picha kila tabaka kabla ya kuliondoa.

Mwanaheri alikuwa na haja moja tu. Chini kabisa kulikuwa na sura ya kaka yake, Shomari, aliyojichora mwenyewe wiki ile aliyopotea. Nyumbani hawakubakiwa na picha yake hata moja.

"Polepole, bibie," alimtania Mzee Kibwana, mmoja wa wakongwe hao, ambaye sura yake ilikuwa kwenye tabaka lile. "Hapo unanikwangua mimi, na bado ni mzima!"

Wakacheka. Kicheko kilipokwisha, Mwanaheri alisikia mkwaruzo ndani ya ukuta.

"Nani yuko upande wa pili?"

"Upande wa pili ni korongo, mwanangu. Hakuna pa kusimama."

Mwanaheri akaweka chini kisu alichokuwa akikwangulia. Mkwaruzo ukaendelea. Mahali ambapo hakuna aliyepagusa, rangi ikabanduka yenyewe, na chini yake likatokea jicho moja, rangi yake ingali mbichi.

Mzee Kibwana alimvuta mkono. Mwanaheri akamponyoka, akaokota kisu, akaanza kukwangua kuufuata ule mkwaruzo.