Ua Usio na Paa

"Vioo ni vyangu," Nekesa alisema, akiupiga ukuta kofi kama anayechagua tikiti sokoni. "Ngazi ni zangu. Hata vigae vya choo, vyangu! Kipkemboi, wewe ni mwizi."

Kipkemboi, mwenye jengo, alimwacha aendelee. Zilibaki siku chache tu lifunguliwe, na mafundi walikuwa wakisugua sakafu huku masikio yao yote yakiwa kwa mama huyu aliyetoka Bungoma kuja kuwatukania tajiri wao.

Ghorofa tisa. Nairobi wangeliita kibanda, lakini Kitale huo ni mnara, na mnara wa pili wa aina yake pande zetu hizi. Wa kwanza uko Bungoma, ghorofa nane, mali ya Nekesa. Yote miwili ilichorwa na msanifu mmoja, Zachary Wanyonyi, ambaye sasa alikuwa amesimama katikati ya wateja wake akitazama viatu vyake.

Nekesa hakuwa mtu wa kuja Kitale. Tangu msiba wa mumewe, Makokha, alikuwa ameapa kutoukanyaga mji huu. Makokha alikuwa akinunua mahindi huku na kwenda kuyauza Misikhu na Bungoma. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, aliyechechemea kwa sababu ya chuma alichowekewa pajani katika hospitali ya Lugulu, baada ya kuanguka kutoka juu ya lori. Siku ya maziko jeneza lilibebwa na wanaume wawili tu, na wazee hawakuruhusu lifunguliwe. Mjane akafuta machozi, akaishika biashara, akaipandisha hadi ikawa ghorofa nane.

Lakini kaburi lilikuwa kwenye ploti ileile ya mjini Bungoma alipotaka kujenga, na Nekesa alikataa katakata kulihamisha.

"Jenga ulizunguke," alimwambia Zachary wakati ule. "Mvua imfikie."

Zachary akaacha ua katikati ya jengo, wazi kutoka chini hadi mbinguni, na katikati ya ua akaweka kitalu cha maua kilichozungushiwa mawe. Wapangaji walidhani ni urembo. Maharusi walikuja kupigwa picha pale, na Nekesa akawaacha wapigwe. Kilichokuwa chini ya maua alikijua yeye na msanifu wake, ambaye aliapa kufunga mdomo.

Sasa Nekesa alikuwa amesimama ndani ya ua uleule, Kitale. Kitalu kilekile, mawe yaleyale. Ua ule haukuwa mtindo. Ulikuwa kitu pekee duniani alichomjengea Makokha, na huyu bwana alikuwa ameugeuza kuwa pambo la kuitia wateja.

"Zachary, nilikulipa vizuri. Ukachukua mambo yangu ukampelekea huyu?"

"Mama, sijapeleka kitu. Ya kwako sijawahi toa. Na ya mzee hapa pia siwezi toa."

"Ati ya mzee! Mtu wa kukopi ako na siri gani?"

"Mama," Kipkemboi alisema polepole, "umekuja kwangu ukanitukana mbele ya wafanyakazi. Nimenyamaza. Sasa sema, unataka nini?"

"Ziba hilo shimo. Mwaga slabu juu, weka maduka. Ukikataa, ile supermaketi yako sahau. Wao ni wapangaji wangu Bungoma. Nikiongea neno moja tu, hawakuji hapa."

Hakuwa akitisha bure, na Kipkemboi alilijua hilo. Supermaketi hiyo ndiyo iliyokuwa imekubali kuchukua ghorofa mbili za chini; bila hiyo, mnara wake ungebaki banda la popo. Alivua kofia, akajifuta jasho.

"Hiyo siwezi funika."

"Kwa nini?"

"Siwezi tu."

"Kiburi! Mwanaume mzima, anaiba kwa mjane. Za mwizi ni arobaini, Kipkemboi, na zako zimefika leo."

Kipkemboi alimtazama Zachary, na Zachary akageuza uso. Ndipo mzee akawapungia mafundi mkono watoke nje. Walitoka shingo upande, maana utamu ndio ulikuwa unaanza.

"Sikia, mama. Hii ploti nilinunua juzi tu, ilikuwa stoo ya mahindi ya watu. Tukichimba msingi, tulipata mtu. Mifupa. Polisi walikuja wakachukua, wakatangaza kwa redio, wakaambia machifu. Hakuna mtu alikuja. Nikasema basi mnirudishie, si alipatikana kwangu? Mimi siwezi uzia watu sukari juu ya kichwa ya mtu. Nikauliza huyu kijana kama kuna njia, akasema iko moja anajua. Mvua imfikie, akaniambia."

Nekesa aliufungua mdomo, matusi yaliyofuata tayari yakiwa ulimini.

"Mtu gani?" aliuliza badala yake.

"Jina hatujui. Ni mwanaume. Alikuwa na chuma kwa paja, ile ya hospitali."

Nekesa akaketi juu ya mawe ya kitalu, akaweka kiganja udongoni, katikati ya maua ya Kipkemboi.

Kule Bungoma, ndani ya lile jeneza jepesi, wazee walikuwa wamezika mgomba, kama afanyiwavyo mtu aliyeondoka nyumbani akapotea. Na mgomba ukishazikwa, waliwahi kumwambia Nekesa, mtu hatafutwi tena.