Askari Hupanda Kwanza

"Askari wa safari za kikazi hawapangi foleni kwetu," alisema Firdaus, mhudumu wa ofisi ya shirika la ndege, akiwaashiria wanaume wawili wenye magwanda wapite mbele ya abiria wote. "Karibuni Kampala Road. Nimewawekea viti vya mbele, mnyooshe miguu."

Sajini Ocira aliinama juu ya kaunta. "Dada, tupe vya nyuma kabisa. Yeye dirishani, mimi upande wa njia." Akashusha sauti. "Huyu ni mahabusu wangu. Rubani ameshaarifiwa."

Tabasamu la Firdaus likakatika. Alimtazama yule wa pili, Koplo Opio, kijana wa mabega mapana na mashavu yaliyobonyea. Mikono yake ilikuwa imefunikwa kwa sweta, na chini ya sweta kulikuwa na pingu.

Likizo ya Opio kutoka misheni ya kulinda amani ilikuwa imekwisha zamani, na yeye hakurudi. Polisi wa jeshi walimtafuta hadi wakachoka, mpaka mtu asiyetaka kutaja jina akawapigia simu. Ocira na wenzake walimkuta mtaani Namuwongo, kwenye chumba cha mabati kando ya reli, amelala sakafuni katikati ya chupa za pombe ya waragi, mbavu zinahesabika. Hakukimbia. Alisema tu kwamba kule walikofia wenzake hawezi kurudi. Sasa alikuwa anarudishwa kule kule, asimame mbele ya mahakama ya kijeshi.

Mama yake alikuwa ameambiwa hadithi nyingine. Opio mwenyewe alimweleza kwamba alikuwa kwenye kozi Jinja, na sasa anarudi kazini.

"Afande, baba alikufa na magwanda mwilini," alikuwa amemsihi Ocira ndani ya gari. "Mama akijua nilitoroka, hataamka tena. Acha anione kama askari, mara hii moja tu."

Ocira alikubali. Opio akikimbia, atakayelala mahabusu ni yeye.

"Mama yule, anaingia," Opio alinong'ona. "Afande, tafadhali."

Ocira alipenyeza mkono chini ya sweta, akafungua pingu, akazitia mfukoni.

Abalo alikuwa mama mrefu, mwembamba, aliyekuja na bodaboda kutoka Kyebando akipitia sokoni Kalerwe. Alitua mfuko wake na kumkumbatia mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akamshika taya, akamgeuza uso huku na huku. Akampapasa kisogo, shingo, mabega, hadi vidole, kama mtu anayeogesha mtoto mchanga.

"Umekonda, mtoto yangu," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Kozi ilikuwa ngumu, mama."

"Eh. Kozi."

Ocira aliangalia pembeni. Alishawahi kukamata watu wabaya kuliko huyu na hakuona haya. Leo aliona haya.

Abalo aliinua mfuko, akauweka kwenye kaunta. "Binti, nimemsagia odii, karanga na ufuta. Itapita?"

Firdaus alimtazama Ocira, akamtazama Opio. Nyongeza ya mizigo ilikuwa haki ya askari aliye kikazi. Mahabusu hakuwa nayo. Alichukua kibandiko, akakibandika kwenye mfuko bila kuuweka kwenye mizani.

"Itapita, mama. Askari wakisafiri kikazi tunawaongezea mzigo. Tunawaheshimu sana."

"Asante, binti. Mungu akupe mume mzuri."

Nje, basi la kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe lilikuwa limewasha injini. Kati ya mlango wa ofisi na basi palikuwa na barabara wazi, bodaboda tele na umati wa kupotelea. Opio aliutazama ule umati. Ocira alimwona anavyouangalia. Alisogea karibu, lakini Abalo alimtangulia. Aliushika mkono wa mwanawe, akaubana kwapani mwake, akamvusha mwenyewe hadi mlangoni mwa basi.

"Askari kwanza!" dereva aliita. Abiria wakasogea. Mzee mmoja mwenye kanzu alivua kofia yake, akasema, "Mungu awalinde, wanajeshi wetu."

Opio aliinamisha kichwa.

"Panda," mama yake alimwambia. "Usiwacheleweshe watu."

Alipanda, akaenda kuketi nyuma kabisa, dirishani. Ocira alibaki na mguu mmoja kwenye ngazi. Hakuweza kuondoka hivihivi. Alitafuta uongo mmoja wa mwisho, ulio mzuri kuliko mwingine wote.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Kule atakuwa na wenzake. Nitamwangalia."

Abalo alimshika mkono wa gwanda. Hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye dirisha la nyuma, ambako Opio alikuwa anampungia. Naye akampungia, akitabasamu, meno yote nje.

"Nilipowapigia simu kuwaambia yuko Namuwongo, niliomba msimpige," alisema polepole, bila kuacha kupunga. "Nimempapasa kote. Asante, afande."