Ruhusa ya Nyumbani

Siku hizi rubani wa jeshi haangushi bomu mpaka mtu wa nyumbani kwake amkubalie. Simu ya ukutani hulia, sauti ya rubani ikauliza, "Mnaniruhusu?" Akijibiwa ndiyo, taa ya kijani humwakia huko angani, bila kumwonyesha ni nani aliyejibu.

Advera, mke wa Meja Kalokola, humsubirisha mumewe kila mara, na mara nyingi humkatalia. Leo simu ilipolia alikuwa uani anaanua nguo. Alikimbia ndani, akamkuta binti yao Koku, wa miaka saba, amesimama juu ya kiti.

"Umemjibu nini baba yako?"

"Ndiyo. Si ulisema mkubwa akiomba kitu hakataliwi?"

Advera alimshusha kitini.

Jioni Meja aliketi mezani na buti zake miguuni.

"Mama Koku, leo taa imewaka papo hapo. Hukusita kabisa."

"Sikusita," Advera alisema, akiukazia macho ugali.

Koku alileta jagi na beseni, akaanza kumnawisha baba yake mikono.

"Baba," aliuliza akimimina maji taratibu, "kwani leo ulikuwa unaniomba nini?"